Kilobaiti Nne

Kaka yangu anaitwa Giga. Jina hilo alipewa kwa kejeli na kinyozi wa kona, mwaka ambao kaka alinunua diski ya gigabaiti moja akazunguka mtaa mzima kutangaza kwamba nyumba yetu ndiyo ya kwanza kuwa nayo, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akishindana naye. Watu walicheka. Yeye akalipokea kama medali. Zilipokuja terabaiti alijaribu kujipandisha cheo awe Tera, lakini mtaa ukagoma, na mimi nilikuwa wa kwanza kugoma.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima nakaa pembeni ya watu wanaokitazama kioo cha kati wakague nywele zao badala ya kulitazama lori lililo nyuma yao. Kwa hiyo dharau ninayo ya kutosha kwa watu wote, na bado nikipita kwa mama jioni nabaki na akiba ya kumwekea Giga. Mama anaishi naye, pamoja na wifi yangu, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Mimi nakaa mitaa miwili kutoka pale, umbali mzuri kwa mtu mwenye hasira.

Kompyuta ya kwanza iliingia nyumbani ikiwa imeshachoka. Ofisi moja ilikuwa inafunga milango na kugawa vitu vyake, na Giga, aliyekuwa mtunza ghala pale, akaondoka na mashine yenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Diski yake ilikuwa ya megabaiti arobaini. Leo simu ya mkononi ikipiga picha kumi imeshaijaza, lakini wakati ule Giga aliizungumzia kama ghala la serikali. Ilipojaa, mwezi wa pili, tukahamia kwenye disketi. Zilikuwa vipande vya plastiki vya mraba vyenye kibati kinachoteleza, na alizipanga ndani ya boksi la viatu ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Mama akifagia sebule alikuwa akilizunguka boksi hilo kama kuna mtoto mchanga amelala ndani.

Sasa nimseme mdogo wetu wa mwisho, tuliyemwita Kitinda. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Alishikwa na homa, wiki mbili akaondoka. Siongezi neno hapo kwa sababu sijui kulisema vizuri, isipokuwa kwamba nampenda mpaka leo, na kwamba akicheka hata aliyekuwa amemkasirikia alikuwa anasahau kisa. Siku hizo watu hawakupiga picha kila sahani wanayokula. Picha zake zilikuwa chache, karibu zote ndani ya albamu ya jalada jekundu ambayo mama aliifungia kabatini chini ya mashuka.

Mwaka uliofuata Giga akapata wazo. Balaa zote za familia yetu huanza na sentensi hiyo.

Kwenye kazi yake mpya kulikuwa na skana. Akaichukua albamu siku ya Ijumaa, Jumatatu akarudi na disketi mbili. Ili picha zote za ukoo zienee kwenye disketi hizo mbili, alizipunguza. Aliipunguza harusi ya wazazi wetu, akampunguza babu, akampunguza Kitinda, kila mmoja akawa sawa na stempu. Nafasi zaidi ingepatikana kwenye diski ya mashine, ila humo mlikuwa na mchezo wa karata, na mchezo wa karata haukupunguzwa.

Kisha akaichoma albamu, nyuma ya nyumba, kwenye shimo la takataka, pamoja na majani makavu. Negativu nazo, zile filamu za kusafishia picha upya, akazitia humo humo, kwa kuwa, kama alivyonieleza baadaye bila kuona haya, plastiki inasaidia moto kushika.

"Za nini makaratasi, mama," alimwambia. "Yanaliwa na mende, yanashika ukungu. Humu ndani hakuna mende."

Mama akamwamini. Giga alikuwa mwanawe wa kwanza, na kidole chake kilikuwa kinajua kubonyeza vitu. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi mji mwingine. Nilikuja likizo nikakuta majivu. Nilipofoka, Giga akaiwasha mashine anionyeshe. Kioo chenyewe kilikuwa kama dirisha la bafu, na Kitinda akatokea pale katikati, amesimama mlangoni na gauni lake la maua, anacheka. Kwa kioo kile, si haba. Nikaenda kumsaidia mama kuosha vyombo.

Miaka ikaenda, na diski zikanenepa. Ikaja ile ya gigabaiti moja. Zikaja sidii, ambazo Giga alizishika kwa ncha za vidole kama daktari wa upasuaji. Ikaja flashi, akaivaa shingoni hata kanisani kwenye harusi ya binamu yetu, na bwana harusi akadhani ni filimbi. Zikaja diski za nje, za kuchomekwa kwa waya, kila moja ikiwa na tumbo kubwa kuliko iliyoitangulia. Na kila ikija mpya, Giga alifanya mambo yale yale: anakunja mikono ya shati, anafukuza watu sebuleni, ananakili diski nzima ya zamani ndani ya folda mpya anayoiita Ya Zamani. Ndani ya Ya Zamani kuna Ya Zamani nyingine, na ndani ya hiyo kuna nyingine tena. Hafuti kitu. Hafungui kitu. Anahamisha tu, kama mtu anayehama nyumba na maboksi ambayo hajayafungua tangu alipooa.

Sasa hivi ana terabaiti nane. Zimo ndani ya kisanduku cheusi chenye taa ya bluu, juu ya kabati la vyombo, na wageni huonyeshwa kabla ya kupewa maji.

"Humu," anasema akikipigapiga kifuniko, "maktaba nzima ya nchi inaingia, na nafasi inabaki."

Maktaba ya nchi haijaingia. Zimeingia picha mia tatu za tairi jipya la gari lake. Zimeingia video za harusi za watu tusiowajua, alizonakiliwa na mpiga video mmoja baada ya kumsumbua sana. Maelekezo ya friji iliyokufa yamo. Filamu zimo za lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua, na kila kitu kati ya hivyo kimo mara saba. Niliwahi kumuuliza kama ameshawahi kutazama hata filamu moja kati ya zile. Akaniangalia kwa huruma, akasema mimi sielewi maana ya hifadhi.

Mwaka huu macho ya mama yakaanza kufunga. Ni presha ya macho, na tulichelewa kujua. Daktari alituweka mimi na Giga chini akasema bila kuzunguka kwamba dawa inapunguza kasi tu, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka mama atabaki na mwanga na kivuli. Kwa sasa bado anaona, kitu kikiwa kikubwa, kikiwa karibu, na akiwa dirishani asubuhi. Tulimwambia mama ukweli wote. Alisikiliza akikunja nguo, akamaliza kukunja, akasema ana ombi moja.

"Nataka kumwona mwanangu kabla hakujawa giza," alisema. "Mnitolee kwenye karatasi kubwa, kubwa kama mlango. Nimwangalie mpaka nimshibe."

"Hilo tu, mama?" Giga akavimba kifua. "Hilo ni la dakika tano. Mimi nilikwambia yuko salama au sikukwambia?"

"Uliniambia, baba."

Akakunja mikono ya shati. Safari hii sikukubali kufukuzwa sebuleni, nikavuta kiti nikakaa nyuma yake. Akafungua Ya Zamani, akafungua Ya Zamani iliyomo, akaendelea kuzama, akipiga mluzi mwanzoni, kisha bila mluzi, maana hata yeye alikuwa amesahau chini ya yote hayo kuna nini. Mwishowe tukamkuta. Kwenye kioo chake cha sasa, ambacho ni kipana kama meza ya kulia, mdogo wetu alikuwa kidoa katikati ya weusi. Ungeweza kumfunika kwa kifuniko cha soda.

"Subiri nimkuze," Giga alisema.

Akamkuza. Kitinda akageuka miraba. Miraba ya kahawia, miraba ya kijivu, mraba mmoja mweusi mahali pa jicho, na chini yake mstari mweupe ambao huenda ulikuwa meno na huenda ulikuwa ukosi wa gauni. Akamrudisha, akawa kidoa. Akamkuza tena, akawa sakafu ya vigae.

"Mtandao uko chini," alisema.

"Picha iko kwenye sanduku lako, kaka. Mtandao unaingiaje?"

"Basi ni kioo. Hivi vioo vipya vina matatizo."

"Ina ukubwa gani hiyo picha?"

Akabonyeza. "Kilobaiti nne."

"Na sanduku?"

"Dada, usianze."

"Naanza. Una nafasi ya kuhifadhi nchi nzima, na ndani yake dada yako ana kilobaiti nne. Ulimpunguza."

"Nafasi haikuwepo."

"Sasa ipo?"

"Sasa ipo tele."

"Basi mrudishe kama alivyokuwa."

Giga alikaa mikono juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiitazama kompyuta kama watu wengine wanavyoitazama, kama kitu kisichosaidia. Ningeweza kumhurumia. Lakini nilikumbuka plastiki inasaidia moto kushika, huruma ikaniishia.

Wiki ile nilitafuta mwenyewe. Sikuwa na muda nje ya kazi, kwa hiyo wanafunzi wangu wakanitafutia bila kujua. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo anayeshika usukani kama anautuliza, alijifunza kurudi nyuma kwenye ua wa shangazi yetu mkubwa wakati mimi niko ndani napekua makabati. Shangazi alikuwa na picha moja ya Kitinda, ukutani, nyuma ya kioo. Mchwa walipanda kupitia ukutani na walianzia usoni. Mwanafunzi mwingine alijifunza kupanda mlima akinipeleka kwa aliyekuwa rafiki wa Kitinda shuleni, ambaye alihama zamani na hakuna aliyejua alikohamia. Studio iliyotupiga picha zile sasa ni duka la magodoro. Niliingia hata hivyo, nikauliza habari za negativu kwa kijana ambaye hakujua neno lenyewe, akanionyesha godoro la inchi nane. Nilirudi garini nikalia, na mwanafunzi wangu, masikini, akadhani ni kwa sababu ameegesha vibaya.

Niliamua kumwambia mama. Nilikuwa nimeshapanga maneno, nimwambie pole pole siku ya Jumapili baada ya chai. Nilipofika, Giga alikuwa ananisubiri kwenye korido, ameegemea kitu kirefu kilichofunikwa shuka, na uso unang'aa. Nikajua amepata wazo.

"Kuna programu," alisema. "Ina akili kuliko mimi na wewe."

"Kuliko wewe siyo kazi."

"Unaipa picha mbovu, inakurudishia nzima. Inajua yenyewe pua inakaaje, jicho linakaaje. Imetengenezwa kwa kutazama nyuso za mamilioni ya watu. Nimeipa Kitinda."

Akavuta shuka.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango, kama mama alivyotaka. Imetoka safi ajabu. Msichana amesimama mlangoni anacheka, na ungeweza kuhesabu kope zake. Macho yake yalikuwa sawasawa, la kulia na la kushoto. Meno yalipangika kama ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Kitinda alikuwa na jicho moja dogo kuliko jingine, na meno ya mbele yaliyopandana, na akicheka hakuwa akiyaficha kwa mkono. Hata gauni halikuwa lake. Mashine ilishindwa kuelewa maua, ikamshonea la mistari. Nilikuwa namtazama mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, amesimama kwenye mlango wetu.

"Huyu si Kitinda," nilisema.

"Ni yeye. Imemsafisha tu."

"Imemsafisha mpaka ameondoka."

"Lakini wifi, si amependeza," wifi yangu alisema kutoka jikoni. Hakumjua Kitinda, aliolewa baadaye, simlaumu.

"Kaka, nisikilize. Huwezi kumpelekea mama kitu hiki. Bora tumwambie hakuna."

"Nimwambie hakuna? Nimwambie nini, kwamba nilimpunguza kisha nikamchoma?" Alikuwa ananong'ona sasa. "Wewe unajua kulaumu tu. Mimi nimefanya kitu. Na tena mama mwenyewe haoni vizuri. Atajuaje?"

Nimewahi kumdharau Giga kwa mengi. Nilimdharau kwa tairi, kwa flashi kanisani, kwa mchezo wa karata. Lakini hayo yote yalikuwa dharau ya kuchezea, ya kumalizia chai. Hii ya atajuaje ilishuka mpaka mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika na mtu wa damu yangu. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Mmeleta?" Mama aliita kutoka chumbani. Macho yalikuwa yanamwisha, masikio yalikuwa mazima. "Nasikia mnanong'ona. Leteni, jua bado lipo dirishani."

Giga akanyanyua picha akaingia nayo kabla sijamshika. Nikamfuata.

Mama alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, amekaa kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, na amefuta miwani mpaka inawaka. Giga akasimamisha picha mbele yake, akaishika kwa nyuma, kichwa chake kimechungulia pembeni. Mama akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaanza juu, kwenye nywele, akashuka taratibu. Akakaa machoni. Akakaa mdomoni muda mrefu. Akaweka kidole kwenye meno yale, akakipitisha kutoka jino hadi jino, kisha akakirudisha mapajani. Nilikuwa naomba mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba amtambue na kwamba asimtambue, na sikujua lipi ni baya zaidi.

Mama akajiegemeza kwenye kiti.

"Ni binti mzuri," alisema kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mgeni. "Wa nani?"

Giga alinitazama kwa juu ya picha. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba kitu chochote, na sasa alikuwa ananiomba kwa macho, mzee mzima, mikono miwili imeshikilia msichana wa watu. Alitaka niseme ni yeye, mama, tazama vizuri. Mama angekubali. Angekubali kwa sababu tumesema sisi, wanawe, tunaoona. Angemtazama huyo kila asubuhi mpaka mwanga uishe, na gizani angebaki na huyo.

"Ni wa watu, mama," nilisema. "Wametuchanganyia kule kwenye duka la picha."

Giga akainamisha kichwa nyuma ya karatasi.

"Basi rudisheni leo leo," mama alisema, akaanza kuvua miwani. "Mama yake atakuwa anaitafuta."